Uongo wa Serikali Unatengenezwa Hapa Hapa Mtaani

Leo sina habari za simu mpya wala programu mpya. Leo nina hasira, na nitajaribu kuipanga vizuri ili isiwe kelele tu.

Kuna dhana moja ambayo nimeisikia mara nyingi mno: kwamba uongo wa mitandaoni unaozisaidia serikali unatoka mbali. Labda Urusi, labda kwenye jumba fulani lenye kompyuta za ajabu na wataalamu wasiolala. Mtu akisikia "propaganda ya mtandaoni" anawaza mitambo ambayo yeye hawezi kuielewa, basi ananyanyua mabega na kuendelea na shughuli zake. Mimi nimesomea sayansi ya kompyuta na ninakula kwa kuandika programu. Nawaambia hakuna maajabu hapo. Vifaa vinavyotumika ni simu ya bei rahisi, kikundi cha WhatsApp, fomu ya malalamiko na kijana asiye na kazi. Uongo huu unatengenezwa hapa hapa. Na kwa kuwa unatengenezwa hapa hapa, sisi wa hapa hapa tunaweza kuugomea. Hiyo ndiyo hoja yangu yote. Sasa nifuateni.

Wazee wetu wanakumbuka redio ya taifa enzi za chama kimoja. Taarifa ya habari ilifunguliwa na "Mtukufu Rais", hata kama siku hiyo Mtukufu alikuwa amehudhuria ibada tu. Ulikuwa ukiritimba mbaya, sikatai. Lakini kila aliyesikiliza alijua anayesema ni nani. Uongo ulikuwa na muhuri wa serikali, na mtu mwenye akili zake aliupunguza bei kabla ya kuununua. Kilichobadilika leo ni kwamba muhuri umefutwa. Serikali haisemi tena kwa sauti yake. Inasema kwa sauti ya jirani yako, ya msichana mrembo mwenye picha iliyoibwa mahali, ya "kijana mzalendo" ambaye hajawahi kuzaliwa. Unadhani unasikia maoni ya wananchi wenzako, kumbe unasikiliza ofisi.

Huku Eastlands jambo hili lina historia. Aprili 24, 1954, serikali ya kikoloni ilianza Operesheni Anvil. Mitaa ilizingirwa, watu wakapangwa mistari, na maelfu wakapelekwa vizuizini. Katika misako ya miaka ile alikuwepo mtu aliyeitwa gakunia: amefunikwa gunia kichwani, limetobolewa matundu mawili ya macho. Alitazama mstari na kutikisa kichwa. Akitikisa kichwa mbele yako, umekwisha. Humjui ni nani, huwezi kumuuliza amekujuaje, huwezi kumwambia anasema uongo. Nguvu yake yote ilikuwa kwamba yeye anakuona na wewe humwoni. Nawaulizeni, akaunti isiyo na jina inayolipwa ili ikuite gaidi, mhaini au kibaraka wa wazungu ina tofauti gani na gunia lile?

Haya, tuache hisia, twende kwenye ushahidi. Nitaanza na majirani.

Uganda. Machi 2018 Rais Museveni alilalamika kwamba vijana wanapoteza muda mitandaoni kwa umbea, na kuanzia Julai 1 mwaka huo kila Mganda aliyetaka kutumia Facebook, WhatsApp au Twitter akatakiwa kulipa shilingi 200 za Uganda kwa siku. Umbea ukatozwa kodi. Sasa sikilizeni kilichofuata. Januari 2021, siku chache kabla ya uchaguzi wa Januari 14, Facebook iliondoa mtandao wa akaunti na kurasa ambao ilisema una uhusiano na kituo cha mawasiliano na wananchi kilicho chini ya Wizara ya Habari na Teknolojia ya Uganda. Kampuni hiyo ilieleza kwamba akaunti bandia na za kurudufu zilitumiwa kuendesha kurasa, kujibu watu, kujifanya watu wengine, na kusambaza habari kwenye vikundi ili zionekane zinapendwa kuliko zilivyo. Yaani wananchi walipolipa kodi ya umbea, wizara ilikuwa na kiwanda chake cha umbea! Serikali ilijibu vipi? Ilifunga mitandao ya kijamii, kisha jioni ya Januari 13 ikazima intaneti nchi nzima hadi Januari 18. Facebook iliendelea kufungwa kwa miaka. Na Desemba 2021 Twitter nayo ikatangaza kuondoa akaunti 418 zilizokuwa zikishirikiana kwa hila kumpigia debe Museveni na chama chake cha NRM.

Tanzania. Katika tangazo hilo hilo la Desemba 2021, Twitter ilisema imeondoa akaunti 268 zilizotumiwa kupeleka malalamiko ya uongo dhidi ya wanachama na wafuasi wa FichuaTanzania pamoja na mwanzilishi wake. Hapa naomba mnivumilie nieleze ufundi wenyewe, kwa sababu ni mwepisi mpaka unatia aibu. Mwanaharakati anaandika jambo Twitter. Mtu fulani anafungua blogu ya bure, ananakili maneno yale yale, anayabandika kama makala, halafu anabadilisha tarehe ya makala irudi nyuma. Ukiwa umewahi kutumia WordPress unajua kisanduku cha tarehe kiko pale pale pembeni. Ndani ya hifadhidata, tarehe ni safu moja tu ya jedwali. Unaandika unachotaka, inakubali, haikuulizi kitu. Kisha mtu huyo anajaza fomu ya hakimiliki: "Huyu ameniibia maandishi yangu, tazameni tarehe." Sheria ya hakimiliki ya Marekani ya 1998 inazisukuma kampuni ziondoe kwanza na kuuliza baadaye, la sivyo zinaweza kushtakiwa zenyewe. Basi mwenye maneno anaadhibiwa kwa kuiba maneno yake mwenyewe. Twitter haikuitaja serikali katika tangazo hilo. Lakini jiulizeni ni nani mwenye hamu, muda na fedha za kuwanyamazisha watu waliokuwa wakiikosoa serikali ya Tanzania.

Sasa turudi nyumbani, maana Wakenya tuna tabia ya kuwahurumia Waganda na Watanzania huku tukijiona sisi ni demokrasia iliyokomaa.

Mwaka 2017 Wakenya wengi waliona video iliyoitwa "The Real Raila", ikionyesha Kenya ya kutisha, iliyobomoka, iwapo Raila Odinga angeshinda. Haikusema imetengenezwa na nani. Desemba mwaka huo shirika la Privacy International lilionyesha kwamba kampeni hiyo, pamoja na nyingine ya kumsifu Uhuru Kenyatta, zilikuwa kazi ya Harris Media, kampuni ya Texas. Machi 2018 televisheni ya Channel 4 ya Uingereza ikawarekodi kwa siri wakubwa wa Cambridge Analytica wakijisifu walivyoendesha kampeni za Kenyatta za 2013 na 2017. Hapo wageni walikuwepo, ni kweli. Lakini wageni ni ghali. Kufikia 2021 kazi ilikuwa imeshapata mafundi wa humu humu.

Septemba 2021 Odanga Madung na Brian Obilo walichapisha utafiti wao chini ya Mozilla kuhusu uongo wa kukodishwa nchini Kenya. Walichunguza heshitegi 11, twiti zaidi ya 23,000 na akaunti takriban 3,700. Walengwa walikuwa majaji na wanaharakati, wakati mahakama ilipokuwa imeikataa BBI. Waliohojiwa walisema walilipwa kati ya dola 10 na 15 kushiriki kampeni tatu kwa siku. Maagizo yalitolewa kwenye vikundi vya WhatsApp, malipo yakapitia M-Pesa. Hakuna ofisi wala seva. Ni kikundi na namba ya simu.

Huko China watu wa kazi hii huitwa "jeshi la senti 50", kwa kukisiwa kwamba wanalipwa senti hizo kwa kila maoni. Sisi tulikuwa na jeshi la shilingi elfu moja na kitu.

Kwa nini linafanya kazi? Kwa sababu orodha ya mambo yanayovuma haipimi ukweli. Inapima kasi. Algorithimu inaangalia neno ambalo dakika kumi zilizopita halikuwepo na sasa linatajwa na wengi kwa ghafla. Watu mia moja wakikubaliana kuandika saa tatu kamili asubuhi, wakiwa wamepewa maneno ya kunakili, wanaweza kulishinda jambo ambalo watu elfu kumi wamelizungumza taratibu tangu jana. Debe tupu haliachi kuvuma, walisema wahenga kabla ya intaneti, na mtandao umejengwa kwa namna ya kulipa debe tupu. Kisha inakuja hatua ya pili, ambayo ndiyo faida yenyewe. Mtangazaji wa redio asubuhi anasoma "yanayovuma". Gazeti linaandika "Wakenya mtandaoni wamkashifu jaji". Abiria kwenye matatu anasema "lisemwalo lipo". Uongo umeshafuliwa, umepigwa pasi, na hakuna anayekumbuka ulitoka kwenye kikundi cha WhatsApp.

Hapa mtaani nawajua vijana waliowahi kuifanya kazi hii. Sitawataja, na si lengo langu kuwaaibisha. Mmoja ana diploma, ana mtoto, na alikuwa amekaa miezi mingi bila kibarua. Aliniambia, "Bro, ni kunakili na kubandika tu, hakuna mtu anaumia." Mimi pia nimewahi kuulizwa na mtu wa kampuni ya matangazo kama ninaweza kuandika mfumo wa kuendesha laini mia kadhaa za simu, kila moja na akaunti yake, ziandike kwa zamu kwa vipindi visivyolingana ili zisigundulike. Pesa ilikuwa nzuri. Kazi yenyewe ni ya wiki mbili kwa mtu anayejua anachofanya. Nilikataa, na sina shaka kuna aliyeikubali.

"Hakuna mtu anaumia." Tuitazame hiyo sentensi.

Juni 7, 2025, mwalimu na mwanablogu Albert Ojwang alikamatwa nyumbani kwao Homa Bay kwa sababu ya maandishi mtandaoni kumhusu Naibu Inspekta Jenerali wa Polisi, Eliud Lagat. Alisafirishwa hadi kituo kikuu cha polisi cha Nairobi. Asubuhi iliyofuata alikuwa amekufa. Taarifa ya polisi ilisema alijigonga kichwa ukutani ndani ya seli. Juni 10 wataalamu wa upasuaji wa maiti wakaeleza walichokuta: majeraha ya kichwa, dalili za kukabwa shingo, majeraha mwilini. Si mambo ya mtu kujifanyia mwenyewe. Juni 11 Inspekta Jenerali Douglas Kanja alisimama mbele ya Seneti akaomba radhi kwa taarifa ile ya kwanza. Yaani mtu alikamatwa akidaiwa kuchapisha uongo, akafa, na walioandika uongo kuhusu kifo chake ni polisi. Kwa siku tatu uongo huo ulikuwa na karatasi rasmi. Yeyote aliyeubandika tena, kwa kulipwa au bure, alikuwa akisaidia kuzika maiti mara ya pili.

Mfano mwingine unanigusa kwa sababu ni wa kazi yangu. Mei 30, 2025, mtengenezaji programu mwenzetu Rose Njeri alikamatwa Nairobi. Kosa? Alitengeneza ukurasa wa wavuti wenye kitufe: mwananchi anabonyeza, anatuma barua pepe kwa kamati ya Bunge kupinga Mswada wa Fedha. Ile ile kamati iliyokuwa imewaomba wananchi watoe maoni! Alilala korokoroni wikendi nzima ya Madaraka, akashtakiwa Juni 3 chini ya sheria ya makosa ya kompyuta ya 2018 kwamba ameingilia mfumo wa kompyuta. Juni 20 mahakama ikayatupa mashtaka. Sasa linganisha. Wananchi halisi wakituma barua halisi kwa kitufe, ni uhalifu. Akaunti mia za kukodi zikituma maneno ya kunakili kumtukana jaji, hayo ni "maoni ya umma". Ukitaka kujua sheria inalinda nini, tazama inamkamata nani na inamwacha nani.

Najua mapingamizi yatakayokuja, basi niyajibu kabisa.

La kwanza: "Hata wapinzani na hao vijana wa Gen Z wanasambaza uongo." Ni kweli, na uongo wao ni uongo. Tuukosoe. Lakini mwananchi mwongo hana gereza. Hana polisi wa kumfuata anayembishia mpaka Homa Bay. Na zaidi ya yote, hana swichi. Juni 24, 2024, Mamlaka ya Mawasiliano ilituhakikishia haina nia yoyote ya kuzima intaneti wakati wa maandamano. Siku iliyofuata, risasi zikilia karibu na Bunge, intaneti ya Kenya ikaporomoka, nasi tukaambiwa ni nyaya za baharini. Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi Tanzania, intaneti ilizimwa nchini kote kwa siku kadhaa huku watu wakiuawa mitaani, na iliporudi wananchi wakapokea ujumbe wa polisi kwenye simu ukiwaonya wasisambaze picha za kuzua taharuki. Uongo wa serikali ni sehemu moja ya mfumo wenye sehemu tatu: kwanza jaza kelele, pili mnyamazishe anayesema, tatu zima taa. Mwananchi ana uwezo wa ile ya kwanza tu.

La pili: "Tutunge sheria kali dhidi ya habari za uongo." Tulitunga moja 2018. Ilipotungwa iliweka faini ya hadi shilingi milioni 5, na kifungo cha hadi miaka kumi kwa habari za uongo zinazozua taharuki. Nionyesheni ofisa mmoja wa serikali aliyefungwa kwayo. Kumpa mwongo mkuu rungu la kuwapiga waongo wadogo si dawa.

La tatu, na hili ndilo linaloniuma: "Kazi ni kazi." Ndugu zangu, naelewa njaa. Naishi Ziwani, si Runda. Nyumba zetu za enzi za ukoloni tunazijua, na kodi inatakiwa kila mwezi. Lakini mtu anayekulipa elfu moja kwa siku hakupi ajira. Ananunua uso wako kwa sababu wake umeshachokwa. Thamani yako kwake ni kwamba wewe ni jirani wa mtu, na jirani huaminiwa. Kila unapouuza unapunguza thamani yake, mpaka siku utakayopaza sauti kwa jambo la kweli, mtoto wako amekamatwa au nyumba yenu inabomolewa, na watu waseme, "Huyu naye amelipwa." Ndiyo sababu nasema uongo huu unatudhuru hata usipoaminiwa. Lengo lake si lazima uamini. Inatosha usimwamini yeyote.

Tufanye nini basi? Nina mambo manne.

Kwa wenye kampuni za mitandao: Twitter ya 2021 ilichapisha hesabu ya akaunti ilizoondoa na ikazikabidhi kwa watafiti. Huo ndio uliokuwa mwanga wetu. Kampuni zinazopata fedha kwa macho ya Waafrika zirudishe utaratibu huo, na ziajiri watu wanaosoma Kiswahili, Sheng na Luganda.

Kwa wananchi: Kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010 kinatupa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na sheria ya 2016 inaeleza namna ya kuziomba. Tuandike barua. Kila wizara na kila kaunti ituambie inamlipa nani kwa "mawasiliano ya kidijitali", kiasi gani, kwa akaunti zipi. Serikali ikitaka kujisifu, ijisifu. Iweke muhuri tu.

Kwa wewe unayesoma kwa simu: kabla ya kusambaza heshitegi ya hasira, bonyeza akaunti tatu zinazoisukuma. Zimefunguliwa lini? Zinaandika maneno yale yale neno kwa neno, hata makosa ya tahajia? Jana zilisifu sabuni, leo zinamtukana jaji? Ni dakika mbili tu, na njia ya mwongo ni fupi.

Na kwa waandika programu wenzangu, ambao wengi wenu mnasoma ukurasa huu: hakuna laini mia kadhaa za simu zitakazojiendesha zenyewe. Lazima mmoja wetu akae chini aandike kodi. Serikali ina bunduki, ina swichi, ina fedha za walipa kodi, lakini haijui kuandika skripti. Inatuhitaji. Daktari akiombwa atengeneze sumu anajua akatae. Sisi pia tuna taaluma, hata kama haina kiapo.

Mwenye hoja tofauti aniandikie, nitamjibu. Ila aje na jina lake.